Kutembea Nuruni: Waliyojifunza Ndugu wa Gahini

Kila muhula twasimuliwa kanisani habari za mashahidi wa zamani: waliochomwa moto, waliofungwa minyororo, waliovuka misitu na mito ili kuihubiri Injili. Habari hizo ni njema sana, walakini zina hatari moja. Humfanya mwanafunzi adhani ya kuwa vita vya imani ni mambo ya siku kubwa tu, siku ya kuulizwa na mfalme, "Je, wewe ni Mkristo?" Kumbe yeye mwenyewe hushindwa katika mambo madogo. Ana kinyongo juu ya kiranja aliyempa adhabu isiyo ya haki. Anamwonea wivu mwenzake aliyeshika nafasi ya kwanza. Ana kitabu alichokiazima tangu mwaka jana na jina la mwenyewe amelifuta. Akipiga magoti usiku kando ya kitanda, mdomo unasali lakini moyo uko uwanjani wa mpira. Akijiona hivyo husema, "Labda mimi sikuamini kweli," kisha akaacha hata kujaribu.

Katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki palitokea watu walioyashika mambo hayo madogo kwa uzito kuliko wengi waliowatangulia. Kwa Kiganda waliitwa Balokole, maana yake waliookoka. Wenyewe kwa wenyewe huitana ndugu tu. Wengi wetu tuna babu au nyanya aliyekuwa miongoni mwao, na twawajua kwa wimbo wao wa Tukutendereza, ambao waliimba kila walipokutana, njiani, sokoni na hata kwenye kituo cha basi. Lakini ukimwuliza kijana wa leo walifundisha nini hasa, atajibu, "Walikataza pombe na ngoma." Jibu hilo halikufika hata nusu ya njia.

Habari yenyewe yaanzia Gahini, kituo cha misheni juu ya kilima kando ya ziwa Muhazi, upande wa mashariki wa Rwanda. Daktari mmoja Mwingereza, jina lake Joe Church, alifika huko mwaka 1928 kuiangalia hospitali. Hakupata hata nafasi ya kupumua. Njaa kubwa ikaingia Rwanda, njaa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, watu wakafa njiani, na wengine wengi wakakimbilia Uganda. Njaa ilipopita daktari alikuwa amechoka mwili na roho. Kazi ilikuwapo, maombi yalikuwapo, Biblia ilikuwapo, lakini nguvu haikuwapo. Mwezi wa Septemba mwaka 1929 akaenda Kampala kupumzika.

Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa mtu wa kuheshimiwa, aliyesoma King's College Budo na kufanya kazi ya serikali katika idara ya afya. Zamani alitumaini sana kupata msaada wa kwenda kusoma ng'ambo, akanyimwa, akauma kidole. (Wanafunzi wa kidato cha mwisho watamwelewa mtu huyu upesi kuliko mimi nitakavyoweza kueleza.) Katika huzuni ile ndipo alipoanza kumtafuta Mungu kwa kweli. Basi watu hawa wawili, mmoja Mzungu na mmoja Mwafrika, katika siku ambazo Mzungu na Mwafrika walikaa pamoja kwa kupeana amri tu, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wala hawakukaa kama mwalimu na mwanafunzi. Walikaa kama watu wawili wenye kiu ambao wameambiwa kuna kisima.

Huenda msomaji atangoja kusikia kwamba daktari alirudi Gahini mambo yote yakawa shwari. La, hayakuwa. Hospitalini palikuwa na Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, mkubwa wa wasaidizi wa hospitali. Alikuwa Mkristo wa jina, na hakupendezwa na daktari wala na bidii yake mpya. Kazi ilikwenda kwa manung'uniko. Mwaka 1931 Kinuka akaenda Kampala kumwona Nsibambi, naye akamweleza mambo ya Gahini yalivyoharibika. Alitazamia kuhurumiwa. Nsibambi hakumhurumia, alimwonyesha ya kuwa ugonjwa wa ile hospitali ulianzia katika dhambi yake yeye Kinuka. Hebu fikiri: umekwenda mwendo wa siku kadhaa ili kumshitaki mkubwa wako, nawe wageuziwa mashitaka! Lakini katika safari ya kurudi maneno yale yalimkaa moyoni, na njiani akajitoa kwa Kristo. Alipofika aliyasema makosa yake mbele ya wenzake, naye daktari akajifunza kuyasema ya kwake mbele ya Kinuka. Wakawa ndugu tangu siku ile, wakasafiri pamoja nchi nyingi, na baadaye Kinuka akawa kasisi.

Mimi naona jiwe la msingi la habari hii yote ni hapo, wala si katika mikutano mikubwa iliyofuata. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa amemwomba Mungu ambadilishe mwenziwe.

Sasa tueleze fundisho lenyewe. Ndugu walipenda sana sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Humo Mungu anaitwa nuru, na watu wanaoenenda nuruni wana mambo mawili: wana ushirika wao kwa wao, na damu ya Kristo yawasafisha. Ndugu waliona kwamba wengi huyageuza maneno haya. Husema, "Nitajisafisha kwanza, ndipo niende nuruni." Mtu wa namna hiyo hafiki kamwe, maana gizani hauoni hata uchafu ulipo, sembuse kuuondoa. Yohana asema njia ni kinyume: nenda nuruni ulivyo, na huko ndiko kusafishwa kuliko. Kuwa nuruni si kuwa mtu asiye na dhambi. Ni kuwa mtu asiyeficha.

Basi kutoka hapo walijifunza jambo la pili, nalo ndilo lililo kubwa kwa vita vya kila siku. Mtu aliyeamini mwaka jana anahitaji msalaba leo kwa kadiri ile ile ya mlevi aliyeingia kanisani leo kwa mara ya kwanza. Ushindi wa jana ni kama mana ya jangwani; ukiuweka mpaka kesho huingia mabuu. Kwa hiyo katika mkutano wao mtu akisimama kushuhudia, na kuanza kusimulia alivyookoka miaka ishirini iliyopita, watu humsikiliza kwa adabu, kisha mzee mmoja humwuliza kwa upole, "Na leo je, ndugu?" Swali hilo ni fupi, lakini limewaponya wengi, na wengi pia limewatoa jasho.

Na yaliyosemwa hapo ni mambo gani? Aghalabu ni madogo. Nimemjibu mke wangu vibaya asubuhi. Nimechukua misumari ya serikali. Nimefurahi moyoni niliposikia mwalimu mwenzangu ameshindwa. Kisha yafuata malipo, maana ndugu hawakukubali toba ya maneno matupu. Ofisi za serikali zilishangaa kuona watu wakileta vyombo vilivyoibwa zamani na kodi iliyokwepwa. Majirani walirudishiwa kuku na mbuzi. Kinachonipendeza katika habari hizi ni kwamba hazina ufundi. Mtu wa kawaida, hata asiyejua kusoma, aliweza kufanya mambo hayo yote siku hiyo hiyo.

Kutoka Gahini moto ule ulienea. Mwishoni mwa mwaka 1933 palikuwa na mkutano huko Gahini, watu wakasimama mmoja baada ya mwingine wakiungama. Mwezi wa Septemba mwaka 1935 ukawa mkutano wa Kabale, katika Kigezi. Mwaka 1937 vikundi vilifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 Katoke, upande wa Bukoba. Kufika Kenya na Tanganyika ndiko kulikoufanya uamsho huu useme Kiswahili. Mwaka 1947 Church, Kinuka na William Nagenda walikwenda Uingereza, na mhubiri mmoja wa huko, Roy Hession, akajifunza kwao mengi aliyoyaandika baadaye. Hivyo maji yakapanda mlima.

Walakini tusiwafanye watu hawa kuwa malaika. Palikuwa na makosa, na makosa hayo yamo katika kila shule yenye kikundi cha maombi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. La kwanza ni kuungama kwa kujisifu. Mtu hueleza ubaya wake wa zamani kwa urefu na utamu, mpaka wasikiao wakamwonea gere! Huko si kwenda nuruni. Ni kujiwashia taa ili watu wakutazame. La pili ni kumwungamia mwenzio dhambi zake. Ndugu wengine walimwandama jirani wakimwambia, "Wewe una kiburi, tubu," na kama hakutubu walimhesabu kuwa amepotea. La tatu ni kuongeza sheria. Miaka ilipopita wakatokea waliojiita Walioamka Tena, wenye masharti makali zaidi kuliko wazee wao, kama vile kutokopa fedha, na umoja wa ndugu katika Uganda ukapasuka.

Jambo la Mukono huzungumzwa hata leo. Mwaka 1941, katika chuo cha makasisi cha Bishop Tucker, wanafunzi waliookoka walizoea kuamka alfajiri kabla ya wakati kwenda kusali, na walihubiri chuoni wakisema wazi kwamba dhambi na mafundisho malegevu yamo humo humo. Mkuu wa chuo akapiga marufuku mikutano ile. Wakakataa kutii. Basi wanafunzi zaidi ya 20 wakafukuzwa, pamoja na William Nagenda, na njia yao ya kuwa makasisi ikafungwa siku ile. Nani alikuwa na haki? Wazee wa pande zote mbili wameshindana miaka mingi. Mimi nasema hivi: kusali alfajiri si kosa, na wakubwa walikuwa wepesi mno wa kuadhibu, lakini kijana anayeamsha bweni zima kwa nyimbo zake asiseme kwamba anaudhiwa kwa ajili ya Kristo, ikiwa anaudhiwa kwa ajili ya kelele. Lililo la ajabu ni kwamba waliofukuzwa wengi hawakuliacha Kanisa la Uganda wala hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki viti vya nyuma, wakaendelea kuhubiri bila cheo. Nagenda hakupata kuwa kasisi maisha yake yote, na alihubiri karibu katika kila bara.

Je, kumtumaini Mungu kwawafaa nini watu ambao maombi yao hayakujibiwa? Nao ndugu walilikuta swali hilo mapema. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko Gahini. Mwaka 1935 alijitenga juma zima katika kibanda akifunga na kusali, akatoka mtu mwingine. Mwezi wa Januari mwaka 1936 alikwenda Kampala ili kusema mbele ya sinodi juu ya usingizi wa Kanisa. Homa ikamshika, akafa kabla ya kusema, angali kijana. Hapana shaka waliomwombea walikuwa na imani. Neno lake, Zukuka, yaani Amka, likachukuliwa kuwa neno la Kanisa la Uganda katika jubilei yake ya miaka 60. Wengine husema kwamba kwa hiyo kufa kwake kulieleweka. Mimi sisemi hivyo. Mjane hakulipwa mume kwa neno la jubilei. Ninaloona ni hili tu, kwamba ndugu hawakuficha kilio chao, wala hawakusema ati wamefurahi, wala hawakuacha kumwita Mungu Baba. Hayo matatu kuyashika pamoja ni kazi ngumu kuliko kuhubiri.

Katika watu waliolichukua fundisho hili mbali sana yuko Festo Kivengere, aliyezaliwa Kigezi mwaka 1919. Alipokuwa mwalimu kijana aliiacha imani na kunywa pombe, akamchukia Mzungu mmoja mmisionari kwa moyo wote. Alipookoka, yule Mzungu ndiye aliyemjia kwanza moyoni. Alipanda baiskeli akaenda maili 50, yapata kilomita 80, kumwomba msamaha. Na katika vilima vile! Baadaye alikwenda Dodoma, Tanganyika, akafundisha shule ya sekondari kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kikawa kizuri hata Billy Graham alipokuja Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyemfasiria.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia jambo la nyumbani kwake. Siku moja alimsemea mkewe Mera kwa ukali, kisha akachukua Biblia aende akahubiri. Wakati ulikuwa umebaki mdogo. Alipotaka kutoka alihisi Bwana anamwambia arudi kwanza akatengeneze na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamngoja. Jibu alilolisikia moyoni ni kuwa haya, yeye aende akahubiri, lakini Bwana mwenyewe atabaki jikoni pamoja na Mera. Akarudi jikoni. Msomaji mwenye haraka atasema hiki ni kichekesho, na Kivengere alipokisimulia watu walicheka kweli. Lakini fundisho lote la nuru limo katika jiko lile.

Vita vile vidogo vya jikoni vilimfaa siku kubwa ilipokuja. Mwaka 1972 alifanywa askofu wa Kigezi, wakati wa utawala wa Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye pia mtu wa uamsho tangu mwaka 1948, aliuawa. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Aliokoka na kifo, lakini moyoni alikuwa na adui mpya: alimchukia Amin, na chuki ile ilizidi kuwa ngumu kila siku, ikamnyima hata raha ya kusali. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, ameketi kanisani katika ibada, zikasomwa habari za Yesu akiwaombea waliomsulibisha. Alitambua kwamba hapakuwa na neno katika maombi yale lililomtenga Amin. Akasamehe. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni Nampenda Idi Amin. Watu wengi waliofiwa na ndugu zao waliona jina hilo chungu, na sishangai. Lakini Kivengere hakusema kwamba mabaya ya Amin ni mema, wala hakuacha kuyataja mbele ya ulimwengu. Kusamehe na kunyamaza ni mambo mawili mbalimbali. Alirudi Kigezi mwaka 1979 utawala ule ulipoanguka, akafa mwaka 1988.

Limebaki jambo moja zito, nalo tusipolitaja makala hii itakuwa ya uongo. Rwanda, nchi ile ile ya Gahini, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambayo Watutsi mamia ya maelfu waliuawa kwa siku zipatazo 100. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na katika wauaji walikuwamo watu waliobatizwa, hata viongozi wa makanisa. Uamsho ulikwenda wapi? Wako waliousimamia mpaka mwisho. Miaka 30 kabla yake, mwezi wa Januari mwaka 1964, kasisi Yona Kanamuzeyi wa Nyamata aliuawa kwa kuwa aliwahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao. Na mwaka 1994 pia walikuwapo waliowaficha jirani zao huku wakijua malipo yake ni kifo. Lakini wengi walikuwa na nyimbo za uamsho bila lile swali la "Na leo je?" Chuki ya kabila ilikaa moyoni miaka mingi kama kitu kisicho dhambi, kwa maana kila mtu wa upande wako alikuwa nayo, basi hakuna aliyeipeleka nuruni. Ndugu waliwahi kutubu kuku walioibwa. Chuki ile ilikuwa imevaa nguo za siasa, ikapita mlangoni bila kuulizwa jina.

Kwa hiyo wewe mwenzangu uliyemo bwenini, usidharau kinyongo chako kwa sababu ni kidogo, wala usikate tamaa kwa sababu kinarudi. Kurudi kwake hakuonyeshi kwamba humwamini Mungu. Kwaonyesha kwamba leo nayo ni siku ya kwenda kwake. Sala yako ikiwa kavu, mwambie Mungu kwamba ni kavu. Hiyo yenyewe ni sala ya kweli, na ni bora kuliko maneno mengi mazuri uliyoyaazima. Usingoje upate hamu.

Wala usingoje mkutano. Mambo mengine hayafai kusemwa mbele ya darasa zima; wazee wa uamsho wenye busara walisema dhambi iungamwe mbele ya yule iliyemkosea, na mambo ya siri yaambiwe mtu mmoja mwaminifu aliyekomaa. Mtafute mmoja. Church na Nsibambi walikuwa wawili tu, na siku zenyewe zilikuwa mbili. Na kile kitabu ulichofuta jina la mwenyewe, kiandike tena jina lake kabla hujakirudisha.